Magofu ya Venn's Town, Shelisheli: je, na mama mkwe apande?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Tanga. Mwezi wa nane tunakwenda mapumziko Shelisheli kwa wiki moja, mimi, mke wangu na mama mkwe, ambaye ana miaka 68 na goti linamsumbua. Hotelini wametuambia kuna matembezi mafupi ya mlimani kwenda kwenye magofu ya kihistoria kisiwani Mahé. Rafiki yangu aliyefika huko anasema tusipoteze muda, ni mawe tu. Je, twende? Mama atamudu? Na tujiandae vipi?

JIBU: Marahaba. Nendeni, na mama mkwe msimwache hotelini.

Mahali mlikoambiwa ni Venn's Town, katika eneo la Sans Souci. Madereva wengi wa Mahé wanapajua zaidi kwa jina la Mission Lodge. Pako mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Morne Seychellois, lakini kupanda karibu kote mtapandishwa na gari. Mkishaegesha, mwendo uliobaki hadi banda la kutazamia mandhari ni wa dakika chache, tena chini ya kivuli cha miti. Si njia ya kushikilia mizizi wala kurukia mawe. Mtu wa Tanga aliyewahi kupanda Amani hatakubali hata kuuita mlima. Goti la mama litachoshwa na kona za barabarani kuliko na njia yenyewe.

Tuje kwa huyo rafiki yako. Simlaumu, maana wageni wengi hufanya alivyofanya yeye: wanashuka garini, wanayapita magofu bila hata kugeuza shingo, wanakimbilia bandani kupiga picha ya bahari, na kabla injini haijapoa wameshaondoka. Ukipita hivyo utaona mawe tu, ni kweli. Kilichobaki ni misingi na vipande vya kuta vilivyoota kuvu, vingine vimeshikwa na mizizi. Hakuna kaburi la mnara kama lile la Mnarani kule Kilifi, wala kuba kama za msikiti mkuu wa Kilwa. Wajenzi wake hawakuwa na nia ya kumvutia mtu. Lakini waliolala ndani ya kuta hizo walikuwa watoto wa kwetu, na ndiyo maana nawahimiza Waswahili wanaokwenda Shelisheli wasipaache.

Nieleze kidogo, kwa sababu vibao vya pale havisemi kila kitu.

Shelisheli haikuwa na wenyeji hadi mwaka 1770, Wafaransa walipoanza kuleta walowezi pamoja na watumwa wao. Waingereza wakavipata visiwa rasmi mwaka 1814, na utumwa ukafutwa huko mwaka 1835. Huku kwetu biashara ilikuwa bado imepamba moto. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikashuka hadi Kilwa, na majahazi yakapakia watu kuwapeleka Unguja, Pemba na Uarabuni. Meli za kivita za Waingereza zilikuwa zikiyawinda majahazi hayo baharini. Likikamatwa moja lenye watumwa, watu waliomo wanatangazwa kuwa huru.

Huru, lakini waende wapi? Ukiwashusha Kilwa, umewarudisha mikononi mwa waliowauza, na kutoka pwani hadi makwao ni mwendo wa wiki nyingi kupitia njia zile zile za misafara. Basi wengine wakapelekwa Aden, wengine Bombay, wengine Mauritius. Mwaka 1861 meli iitwayo Lyra ikashusha kundi la kwanza Mahé, na katika miaka kumi na kitu iliyofuata wakafika huko zaidi ya watu 2,000. Watu wazima walifungwa mikataba ya kazi ya miaka kadhaa kwenye mashamba ya walowezi, hasa ya minazi. Mwenye shamba alikuwa na shida ya wafanyakazi tangu utumwa ufutwe, serikali ikawa imempatia. Mkisoma mahali kwamba watu hao "walikombolewa", lisomeni neno hilo pamoja na mkataba huo.

Watoto ndio waliokuwa tatizo. Wengi walikuwa wametekwa peke yao, au wametenganishwa na wazazi njiani. Chama cha wamishonari wa Kianglikana, CMS, kikapata ardhi huko juu Sans Souci, mahali palipoitwa Capucin, na mwaka 1876 kikafungua makazi na shule kwa ajili yao. Pakapewa jina la Henry Venn, aliyekuwa katibu wa chama hicho kwa zaidi ya miaka 30 na kufariki mwaka 1873. Palikuwa na bweni la wavulana na bweni la wasichana, nyumba ya wamishonari, jiko, maghala, mahali pa kufulia na vyoo. Na palikuwa na shamba, kwa sababu shule ilitakiwa ijitegemee. Watoto walisoma, wakasali, wakalima.

Walilima kakao na vanila, na hiyo vanila ina kisa chake. Anayetoka Kagera ataelewa haraka. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, na nje ya kwao Meksiko halina mdudu wa kulichavusha. Asubuhi ile lazima mtu apite ua kwa ua na kijiti chembamba, ainue kale kautando kanakotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, kisha azigandamize kwa kidole gumba. Ukichelewa hadi mchana, ua limenyauka na hakuna tunda. Aliyegundua njia hiyo mwaka 1841 alikuwa mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, Edmond Albius, na mashamba ya vanila ya Bahari ya Hindi yote yakatajirika kwa kijiti chake. Miaka 30 na kitu baadaye, watoto wa Capucin walikuwa wakiishi kando ya zao hilo hilo. Ni kazi inayotaka vidole vyepesi. Mkifika pale, mwambieni mama habari hii kabla hajaketi, kisha mtazame ukubwa wa eneo.

Makazi yale hayakudumu. Yalifungwa mwaka 1889, baada ya miaka 13. Sultani Barghash alikuwa ameshatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja mwaka 1873, majahazi yaliyokamatwa yakazidi kupungua, na watoto wapya wakawa wachache. Msitu ukarudi.

Wakati huo huo CMS ilikuwa na makazi mengine ya namna hiyo, nayo yako karibu nanyi kuliko Mahé. Mwaka 1875 ilianzisha Frere Town, upande wa bara wa Mombasa, kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi hayo hayo. Ile kengele iliyosimama mpaka leo Kengeleni, kwenye njia ya kwenda Nyali, ilipigwa kuwaonya wakazi wakati wa hatari ya kuvamiwa na wafanyabiashara wa watumwa. Maelfu wanapita hapo kwa matatu kila siku. Watoto wa jahazi moja wangeweza kugawanywa, huyu akakulia Frere Town akiongea Kiswahili, mwenzake akakulia Mahé, na wajukuu wake leo wanaongea Krioli na kujiita Washelisheli. Kwa hiyo mkiwa mnarudi kupitia Mombasa na mna nusu saa, simameni Kengeleni. Mimi huwa nawaambia watu waanzie huko, halafu ndio wapande ndege.

Sasa mkifika juu, nawashauri mgeuze utaratibu wa wageni wengine. Bandani mwende mwisho. Anzeni na magofu, polepole, mkitafuta mahali palipokuwa na mlango. Kwenye msingi mrefu pigeni hatua kutoka ukuta hadi ukuta, kisha mjiulize mikeka mingapi ingepangwa hapo. Angalieni pia ardhi yenyewe: udongo mwekundu, mteremko pande zote, na unyevu ambao hauishi. Watoto waliotoka kwenye joto la nyika ya kusini walilala hapa usiku wa baridi na mvua, na kanga moja haitoshi hapo hata leo. Msipande juu ya kuta kupiga picha, chokaa iliyozishikilia imechoka. Na msichukue hata kijiwe. Tangu mwaka 2013 mahali hapa pamo kwenye orodha ya awali ambayo Shelisheli imeiwasilisha UNESCO ili siku moja papimwe kuwa Urithi wa Dunia, na vilivyobaki ni vichache mno kugawana.

Njiani mtaona miti mikubwa inayoitwa sangdragon, ambayo ukiikata gome hutoa utomvu mwekundu. Ugonjwa wa kuvu uliua mingi ya aina hiyo kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo msishangae mkiona mianya. Mti mwingine hamtahitaji kuambiwa: okoteni jani lililoanguka, lifikicheni, mnuse. Mdalasini. Uliletwa na Wafaransa katika karne ya 18 kama zao la biashara, ndege wakaeneza mbegu, na sasa umejaa milima ya Mahé kuliko miti mingi ya asili. Mtu wa Muheza au wa Unguja atajisikia yuko kwa shangazi yake.

Banda lenyewe ndilo ambalo Malkia Elizabeth wa Pili alinywea chai mwaka 1972, alipokwenda kufungua uwanja wa ndege wa Mahé. Madereva watawaeleza habari hiyo kwanza na ya watoto baadaye, kama wataieleza. Mandhari ni nzuri kweli: msitu unateremka hadi pwani ya magharibi, na mbele yake bahari. Mchoraji wa Kiingereza Marianne North alikaa hapa mwaka 1883, shule ikiwa bado inaendelea, akachora mandhari hayo hayo. Picha zake ziko katika bustani ya mimea ya Kew, London. Mti mmoja wa asili wa Shelisheli, ambao Washelisheli wanauita kapisen, ulipewa jina la kisayansi la Northea kwa heshima yake. Mama akae hapo kwenye kiti apumzike, nyinyi mzunguke tena.

Kuhusu hali ya hewa, mwezi wa nane mmechagua vizuri. Mahé iko katika latitudo ya kati ya Mombasa na Tanga, na pepo zake ni zile zile za kwetu: kaskazi huleta mvua kubwa kuanzia Desemba, na kusi huleta ukavu kuanzia Mei. Lakini mlimani hata wakati wa kusi mawingu hupita na kumwaga manyunyu, halafu yanaondoka kana kwamba hayakuwapo. Fikeni kabla ya saa 4 asubuhi. Mawingu mara nyingi huanza kukusanyika kadiri jua linavyopanda, na mabasi ya watalii nayo huanza kufika. Jua linazama kama saa 12 na dakika 20 jioni na giza halisubiri, kama nyumbani. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja.

Viatu: raba zenye kashata za kushika chini. Kandambili zinatosha hadi bandani siku kavu, lakini mimi sipendi kumwona mtu wa miaka 68 na kandambili kwenye majani yaliyolowa. Fimbo ya kutembelea mwekeeni mama hata kama atasema haihitaji. Maji, kofia, koti jepesi la mvua, dawa ya mbu. Malaria haipo Shelisheli, na nyoka wa kumwogopa hawapo. Wanaosumbua ni nyigu wa manjano, ambao hujenga viota chini ya majani mapana kando ya njia, kwa hiyo msishike jani bila kutazama. Tandu nao wapo chini ya mawe, sababu nyingine ya kuyaacha mawe yalipo. Jambo moja ambalo hoteli hazilitaji: homa ya mgunda, ile iliyoleta taharuki Lindi mwaka 2022, ipo Shelisheli. Inaenezwa na mkojo wa panya kwenye maji na matope. Mwenye kidonda mguuni akifunike vizuri, na mkirudi mnawe miguu kwa sabuni.

Usafiri: kutoka Victoria ni kama dakika 20 kwa gari, barabara ya Sans Souci. Wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mkikodi gari hamtababaika, ila barabara ni nyembamba, ina kona kali, na sehemu nyingine ukingo wake ni mfereji mtupu. Mwenye moyo mdogo akodi teksi na akubaliane bei, pamoja na muda wa kusubiri, kabla ya kuingia. Basi la umma hupita barabara hiyo kuelekea Port Glaud na nauli yake ni ndogo mno, lakini si la mara kwa mara, na kwa goti la mama sitalipendekeza. Msirudi mlikotoka. Endeleeni mbele, mteremke upande wa pili mpitie kiwanda cha chai na mashamba yake, mtokee pwani ya magharibi, mle samaki, mrudi kwa njia ya pwani. Mmemaliza siku bila kuchoka.

Kwenye barabara hiyo hiyo ya Sans Souci ndiko Waingereza walikomweka Askofu Mkuu Makarios wa Saiprasi walipompeleka uhamishoni mwaka 1956. Mahé ilikuwa mahali pao pa kuwatupia watu wasiotaka kuwatii. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walifikishwa huko mwaka 1901. Mwanga alifia huko mwaka 1903, Kabalega akaachiwa mwaka 1923 akafariki Jinja kabla ya kufika kwao. Hata Sayyid Khalid bin Barghash, yule wa vita vya dakika 38 Unguja, alionja Shelisheli. Mkimpata dereva mzee, muulizeni habari za wafalme hao. Mazungumzo yatanoga kuliko ya chai ya Malkia.

Kama wewe na mkeo mnataka kupanda kweli, siku nyingine mwacheni mama ufukweni mwende Copolia, njia inayoanzia barabara hiyo hiyo. Ni kama saa moja kupanda, mwanzo msituni, mwisho juu ya mwamba mtupu wa matale ulio karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Huko juu utakuta mmea usioota kwa asili popote nje ya Shelisheli: majani yake yamejikunja mithili ya vikombe vyenye kifuniko, ndani mna maji, na mdudu akiteleza akaanguka humo haliwi na mwingine ila mmea. Msitie vidole, msiukanyage. Morne Blanc, mita 667, ni mkali zaidi na una utelezi, ingawa si mrefu. Kama ni moja tu, chagueni Copolia. Wageni hutozwa kiingilio, kwa hiyo bebeni kadi pamoja na rupia taslimu, na mvua ikinyesha mkiwa juu subirini mwamba ukauke kabla ya kushuka.

Mwisho, makaratasi. Viza hamhitaji, lakini kila msafiri lazima aombe kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kupanda ndege, hata mama, na mwambatishe uthibitisho wa hoteli na tiketi ya kurudi. Mkipitia Nairobi, bebeni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, maana Shelisheli hukidai kwa watu wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo. Chanjo huhesabiwa kuanza kufanya kazi baada ya siku 10, na kwa aliyevuka miaka 60 daktari hutaka kumpima kwanza kabla ya kumchoma. Mpelekeni mama mwezi huu, msingoje wiki ya safari.